Mama Rodrigue na Mashimo ya Fuko

Serikali ya huku ugenini imenipa kadi ya wazee ya usafiri, na kadi hiyo imenimalizia hamu ya kukaa nyumbani. Asubuhi nikishamaliza chai napanda treni, nashuka ninapojisikia kushuka, namsalimia ninayemjua, kisha narudi. Pale kanisani wananitania, "Papa Balagizi, wewe ni posta." Sikatai. Ya huyu nampelekea yule, ya yule namletea huyu. Na ndivyo nilivyoingia katika habari hii, ingawa haikunihusu.

Mama Rodrigue anakaa St Marys, hatua chache kutoka stesheni. Ni mama wa miaka hamsini na miwili, mpana wa mabega, mwenye tabia ya kuanza kucheka kabla hajafika mwisho wa kichekesho, hata wewe unacheka bila kujua unacheka nini. Ametoka Butembo kupitia Goma, kupitia Kampala, na huku ana miaka kumi na minne. Kazi yake ni kutunza wazee katika nyumba ya wazee: anawaogesha, anawalisha, anawageuza kitandani. Yuko mzee mmoja wa Kimalta asiyefungua mdomo kwa kijiko cha mtu yeyote isipokuwa cha Mama Rodrigue. Siku mama akiwa na mapumziko, yule mzee anashinda na njaa.

Lakini dawa haruhusiwi kushika. Kupima presha na kuandika, haruhusiwi. Anamwona mgonjwa anabadilika rangi, anakimbia kumwita nesi, halafu anasimama pembeni na taulo mkononi.

"Papa, mi nilikuwa nachoma watu sindano Ketsia hajazaliwa," aliniambia siku moja. Ketsia ni binti yake wa pili. "Leo nesi mtoto ananiambia, darling, usiguse hiyo."

"Umwambie ukweli."

"Nimwambie na karatasi gani?"

Hapo ndipo shida ilipokuwa. Chuo kimoja cha huku kinafundisha unesi wa ngazi ya chini, na kilikuwa tayari kumpa nafasi ya mwezi wa pili. Mtu asiye na cheti cha sekondari wanampokea akiwa na karatasi yoyote inayoonyesha kwamba aliwahi kupata mafunzo ya afya. Mama Rodrigue aliacha shule darasa la pili la sekondari. Mafunzo alikuwa nayo. Mwaka wa tisini na tano, wakimbizi wakiwa wamejaa Goma na watu wanakufa kwa kuhara, shirika moja la Ulaya lilikusanya mabinti na wamama wa pale, likawafundisha miezi sita ndani ya hema kubwa. Alipata cheti chenye muhuri wa buluu. Alikiweka ndani ya sanduku la bati, na mwaka wa elfu mbili na mbili mlima ulipotapika moto, sanduku, nyumba na kuku wote wakaenda.

"Cheti changu kipo," anapenda kusema. "Kiko chini ya jiwe. Juu ya jiwe mtu amejenga duka la simu."

Chuo kilimpa hadi Ijumaa ya tatu ya mwezi wa kumi na moja. Asipoleta karatasi, nafasi inakwenda kwa mwingine, na mwakani masharti yanabadilika. Ketsia alitafuta kwenye simu jioni tatu. Lile shirika lilikwisha kufungwa zamani. Namba yake ya simu sasa inapokelewa na daktari wa meno. Ketsia anasikia Kiswahili vizuri, ila anajibu kwa Kiingereza. Akamwambia mama yake kwa upole kwamba kitu kisichopatikana kwenye simu hakipo popote.

Nilipoyasikia hayo zilikuwa zimebaki siku kumi na tatu. Ndiyo nikamkumbuka Kinuthia.

Kinuthia ni Mkenya wa Murang'a, anaendesha mashine ya kuinua mizigo katika ghala moja karibu na Lidcombe. Mke wake, Gakii, ni nesi. Kwao mimi hushuka kila nikitamani chapati. Chumba chao cha nyuma kina kompyuta za zamani, zile nene kama friji, na moja kati ya hizo inawaka mchana kutwa. Miaka ya tisini, akiwa kijana, Kinuthia alikuwa karani wa maktaba katika taasisi moja ya utafiti wa mifugo nje ya Nairobi. Alikuwa akifika kazini kumi na moja alfajiri, laini za simu zikiwa bado hazina watu, anaingia kwenye kompyuta na kuwatafutia madaktari wa ng'ombe habari zilizowekwa huko duniani. Chombo alichotumia kinaitwa Gopher. Dunia ilipohamia kwenye intaneti hii ya picha, kila mtu alikiacha. Yeye hakukiacha.

Nikampelekea ile habari. Akakuna kidevu.

"Umesema mwaka gani, Mzee?"

"Tisini na tano."

"Tisini na tano Wazungu wa vyuo walikuwa wanaweka kila kitu kwa Gopher. Ripoti, orodha, hata menyu ya kantini. Mlete Jumamosi."

Jumamosi saa sita mchana tulikuwa mlangoni kwake, Mama Rodrigue amevaa kitenge cha kanisani kama anayekwenda kuonana na balozi. Gakii akatufungulia.

"Karibu, dada. Ukimsikia Kinuthia huko nyuma anaita Veronika, usishtuke. Ni mke mwenzangu."

"Anapika?" akauliza Mama Rodrigue.

"Hapiki, hafui, na anamaliza umeme."

Wakacheka wote wawili, na nikajua siku itakuwa nzuri.

Kwenye kioo cha ile kompyuta hapakuwa na picha hata moja. Maandishi ya kijani tu juu ya weusi, mstari chini ya mstari, kila mstari na namba yake, kama orodha ya nyimbo kwenye ubao wa kanisa. Kinuthia akamvutia Mama Rodrigue kiti, akamkalisha mbele, yeye akasimama nyuma.

"Kwenu kuna fuko?" akamuuliza. "Mnyama anayechimba chini ya viazi?"

"Wako. Wanamaliza mihogo."

"Sisi tukiwa watoto tulikuwa tunawatega. Fuko anaingilia shamba la mjomba wangu, anapita chini ya ua, anatokea kwa jirani. Hapiti kwa geti. Basi hiki chombo kimepewa jina la mnyama wa aina hiyo. Hapa uko kwa kompyuta yangu. Chagua mstari huu, uko Amerika. Ndani yake chagua ule, uko Uswidi. Wewe huoni ua. Unaona mistari tu."

"Na Veronika ni nani?"

"Veronika ndiye anajua mashimo yote. Unampa neno, anakuletea kila mstari wenye hilo neno, popote ulipo."

Mama Rodrigue ni Mkatoliki. Akasema polepole, "Veronika ndiye alimpangusa Yesu uso." Akaweka mikono kwenye vibonyezo.

Nilidhani ataandika jina lake. Kinuthia akamzuia. Veronika hasomi ndani ya kurasa, alisema, anasoma vichwa vya mistari peke yake, kwa hiyo kwanza tutafute sanduku, halafu tutafungua tuone kilichomo. Akaandika Goma. Tukangoja. Ikatokea mistari sitini na kitu.

Sasa hapo tulisafiri. Mimi nimetembea nchi nne kwa miguu na moja kwa ndege, lakini sijawahi kwenda haraka namna ile nikiwa nimekaa. Mstari mmoja ulikuwa habari za mlima wa moto. Mwingine habari za nyani. Mingi ilikuwa imekufa: unaichagua, unangoja, mashine inakwambia hakuna mtu nyumbani. Mara ya kwanza Mama Rodrigue alivuta pumzi kama aliyefiwa. Mara ya sita akawa anasema tu, "Huyu amehama," anarudi nyuma kwa kibonyezo cha mshale, anachukua wa chini yake. Baada ya nusu saa Kinuthia alikuwa amekwenda kukaa, na mama anaendesha peke yake.

Mstari wa arobaini na moja ulifunguka. Ulikuwa wa chuo kimoja cha Ulaya kilichofunga mashine zake zamani, lakini mzee mmoja wa Ufini, mstaafu, alikuwa amenakili kila kitu kabla hazijazimwa, akakiweka nyumbani kwake. Kinuthia alimjua kwa barua. "Huyo ana mapafu mabovu na mbwa watatu," akatuambia, kama anayemsifia shemeji.

Ndani mlikuwa na sanduku la ripoti, na ndani ya sanduku mlikuwa na ripoti ya mafunzo ya afya, Goma, kwa Kifaransa. Mama Rodrigue akaanza kusoma kwa sauti. Akafika mahali walipoandika kwamba mvua ilikuwa inaingia hemani upande wa mashariki, na kwamba wamama walitundika nepi za watoto kwenye kamba za hema hadi mwalimu akawa haoni ubao.

Akagusa kioo kwa kidole.

"Ni nepi zetu," akasema. "Papa, hizi ni nepi zetu."

Chini ya ripoti palikuwa na mstari mmoja zaidi: orodha ya wanafunzi. Watu mia moja na kumi na wawili, umri, walikotoka, amemaliza au ameacha. Kinuthia akasogea, akabonyeza pale pa kutafuta neno ndani ya ukurasa. Sasa ndiyo akaandika jina. Katungu. Niseme ukweli, jina hilo la mama nililijua mwezi ule ule, alipokuwa ananionyesha barua ya chuo. Ndilo lililo kwenye pasi yake na kwenye beji yake ya kazini. Wazee wa pale wanamwita Kat.

Wakatokea akina Katungu watatu. Kwa Wanande, kabila la mama, hilo ni jina la zamu ya kuzaliwa, wala si ajabu nyumba tatu zinazofuatana kuwa na Katungu watatu. Wa kwanza alikuwa na miaka arobaini, wa Beni. Wa pili miaka kumi na tisa, wa Lubero, ameacha. Wa tatu miaka ishirini na minne, wa Butembo, amemaliza.

"Huyu hapa," Kinuthia akasema. "Butembo, na amemaliza. Miaka wamekosea miwili tu. Hao makarani walikuwa wanakisia."

Mama Rodrigue aliutazama ule mstari kwa muda mrefu. Mimi nilimtazama yeye. Chuoni wangeupokea. Nani angejua?

"Huyu namjua," akasema mwishoni. "Huyu ni Katungu wa kwa mwalimu. Alikuwa na jicho moja. Alikuwa ananishikia mtoto nikienda choo." Akaondoa mikono kwenye vibonyezo, akaiweka mapajani. "Siwezi kwenda shule na jicho la mtu."

"Basi na wewe uko wapi?" Kinuthia akauliza.

"Siko. Bon. Siko."

Gakii aliingia na chai, akatuona, akaiweka chini bila utani. Hakuna aliyegusa kikombe. Mimi nina desturi mtu akivunjika moyo namuuliza habari za zamani, kwa sababu huko angalau anajua njia. Nikamuuliza, huyo Katungu wa jicho moja mlikuwa mnakaa pamoja?

"Benchi moja. Sisi kina Katungu tulikuwa watano wote, Papa. Karani wetu alikuwa Fidèle, kijana mmoja wa Rutshuru, mwembamba hivi. Asubuhi anaita majina: Katungu. Tunaitika watano. Anafuta, anaanza upya. Tulikuwa tunafanya makusudi. Siku moja akatupa kalamu. Akasema, wasio na mtoto wabaki na Katungu yao, mwenye mtoto ataitika kwa mtoto, mimi sina akili ya Wanande. Basi tangu siku hiyo anaita: Katungu, wanaitika yule wa jicho na wawili wengine. Mama Espérance, anaitika jirani. Mama Rodri..."

Hakumaliza. Kinuthia alikwisha kuinama juu ya bega lake, anaandika. Mashine ikaruka mistari, ikasimama.

Mama Rodrigue, miaka 22, Butembo, mtoto wa miezi 14, amemaliza, vizuri.

Gakii akasema, "Dada, kunywa chai, inapoa."

Ningependa kusema tulipiga kelele. Hatukupiga. Tulikaa tunautazama ule mstari mmoja wa kijani. Tangu asubuhi sote tulikuwa tunamwita kwa jina hilo. Mimi nilimwita hivyo kwenye treni, Gakii aliambiwa hivyo mlangoni. Lakini tulipokaa mbele ya mashine, tukamtafuta kwa jina la pasi. Miaka ya kujaza fomu imetufundisha kwamba karatasi inajua jina moja tu, hata tukasahau kwamba ile ilijazwa na kijana wa Rutshuru.

Mama akampigia Rodrigue simu, akaiweka sauti ya juu. Rodrigue sasa ana miaka thelathini na moja, anaendesha lori, na saa ile alikuwa kwenye foleni ya makontena pale Port Botany.

"Umo kwenye orodha," mama akamwambia. "Miezi kumi na minne. Umemaliza vizuri."

Injini ikanguruma. "Kwa hiyo nesi ni mimi," Rodrigue akasema.

"Mjinga wewe."

"Mama, mwambie mwalimu nilikuwa nalala darasani." Halafu sauti yake ikabadilika, akasema kitu kifupi kwa Kiingereza, na mama akakata simu, akajipangusa kwa ncha ya kitenge.

Kuupata mstari lilikuwa jambo moja. Chuo kingeuliza, huyo Mama Rodrigue ndiye wewe kwa ushahidi gani? Kinuthia akauchapa ule ukurasa na ile ripoti ya nepi. Mama akaleta pasi ya Rodrigue na karatasi za wakimbizi zinazoonyesha mama mzazi ni Katungu. Jumatatu tukaenda maktaba, ambako watu wa kujitolea wenye mamlaka ya kushuhudia viapo hukaa na mihuri yao. Siku hiyo alikuwa kwenye zamu mama mmoja Mfilipino, miwani imefungwa kamba shingoni. Katika fomu ya kiapo palikuwa na nafasi ya kuandika jina jingine ambalo mtu anajulikana nalo. Mama akaandika. Mimi nikaandika changu, kwamba namfahamu.

Yule Mfilipino akanitazama juu ya miwani. "Umemjua kwa jina hili muda gani?"

"Tangu siku ya kwanza," nikamwambia. "Lile la pasi ndilo nimelijua mwezi huu."

Akacheka, akagonga muhuri. "Kwetu mimi ni Mama wa Jun," akasema. "Hapa hakuna anayejua."

Tukatuma Jumanne. Ijumaa ikaja, ikapita bila jibu. Jumamosi Mama Rodrigue hakucheka hata kidogo. Alikata vitunguu vya sherehe ya mtu kana kwamba vimemkosea. Jumatatu chuo kikaandika kwamba karatasi zimefika kwa wakati, ila ofisini wamejaribu kuufungua ule ukurasa kule ulikotoka na kompyuta zao zimekataa. Wanawezaje kujua haukuandikwa juzi jikoni kwa mtu?

Kweli, kompyuta za siku hizi zimesahau kuingia kwenye mashimo. Kinuthia akaandika barua ya kurasa mbili, hatua kwa hatua, akaweka na namba yake ya simu. Kesho yake akiwa kwenye mapumziko ya chakula ghalani simu ikalia. Alikuwa mwanamke wa ofisi ya usajili, mtu mzima kwa sauti. Kinuthia akaanza kumweleza Gopher ni kitu gani, na yule mama akamkatiza.

"Nakijua, mpenzi," akasema. "Nilikuwa nakitumia mwaka wa kwanza chuo kikuu. Sikujua kama bado kinapumua."

Akakipakua hapo hapo, wakiwa kwenye simu. Kinuthia, amekaa juu ya godoro la mbao la kubebea mizigo, sandwichi mkononi, akampeleka: chagua mstari huu, sasa ule, huyo amehama, rudi nyuma, shuka. Wakafika kwa yule mzee wa Ufini. Wakashuka hadi kwenye orodha, na yule mama akaisoma mwenyewe, kutoka mtu wa kwanza. Alipofika kwa Mama Rodrigue, Kinuthia anasema, akauliza, "Mtoto wa miezi kumi na minne, alikuwa naye darasani?"

"Alikuwa mgongoni," Kinuthia akamjibu.

Barua ya kukubaliwa ilikuja Alhamisi.

Sasa ni mwezi wa tatu. Juzi nilimkuta stesheni ya St Marys, mkoba begani, daftari limebanwa kwapani, anatoka darasani anakwenda shifti. Kwenye kifua alikuwa na kadi ya chuo. Siku ya kwanza, alinieleza, waliwapa fomu yenye swali: ungependa tukuite nani? Kadi inasema Mama Rodrigue. Mwalimu wake, kijana mwenye ndevu nyekundu, anaitamka vibaya, lakini anaitamka kila asubuhi, na yeye anaitika.

"Na mitihani?" nikamuuliza.

"Wa kwanza nimepata sabini na nane. Ketsia, mtihani wake wa kwanza wa chuo, alipata sabini na nne." Akaanza kucheka kabla hajamaliza. "Nimemwambia, darling, usiguse daftari langu."

Treni yake ikaingia. Akiwa mlangoni akanigeukia.

"Papa, Jumamosi tuko Lidcombe. Usichelewe. Kinuthia amemwandikia mzee wa Ufini kuhusu ile orodha. Tunawatafuta wenzangu wa lile hema, tunaanza na Katungu wa kwa mwalimu."

"Utamtafuta kwa jina gani?"

"Alizaa Kampala, nilisikia. Mtoto wa kike." Milango ikaanza kujifunga, akainua sauti. "Nipate kwanza jina la mtoto."